Kuifundisha Laptopu Kuukuu Kushusha Muziki Usiku

Usiku wa kwanza mashine haikufanya lolote. Nilikuwa nimenunua bando la usiku, nimeiacha laptopu mezani ikiwa wazi, nimelala kwa raha ya mtu aliyepata mtumishi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bando la usiku limeshakwisha muda wake na limebaki lile la kawaida, ndipo ikazinduka na kuanza kushusha kwa pupa. Nilipoamka kunywa chai, MB za wiki nzima zilikuwa zimekwenda. Kosa lilikuwa langu. Nilitaka kazi ianze saa sita na nusu usiku, nikaandika 6 na 30 kama ulimi wangu unavyosema. Kompyuta haihesabu saa kama sisi. Kwake saa sita usiku ni sifuri.

Basi kabla ya kugusa programu yoyote, andika kwenye kikaratasi ukibandike juu ya kioo: 0 ni saa sita usiku, 4 ni saa kumi alfajiri, 6 ni saa kumi na mbili asubuhi. Ukishindwa kila kitu kingine, hilo litakuokolea pesa.

Muziki wenyewe tunautoa wapi? Kuna programu nyingi za kunyofoa sauti kutoka YouTube, na najua wengi mnazo. Masharti ya YouTube hayaruhusu, na msanii aliyeko Tandale au Kariobangi hapati hata senti. Mimi natumia mahali pawili. Singeli nainunua Bandcamp, ambako Nyege Nyege Tapes ya Kampala inauza kazi za vijana wa Dar es Salaam. Ukishalipa unachagua mwenyewe kama unataka MP3 au FLAC isiyopunguza ubora wa sauti, na unaweza kurudi kuishusha tena. Ununuzi wa namna hiyo hauhitaji mtambo, kwa sababu hata mwenye mshahara mnono hanunui albamu kila usiku.

Mtambo ni kwa ajili ya mahali pa pili, Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 huko San Francisco. Ndani yake kuna mkusanyo wa matamasha ambayo bendi zenyewe zimeruhusu yarekodiwe na kugawanywa bila biashara, na kuna mkusanyo mwingine uitwao Netlabels, wa lebo ndogo zinazotoa muziki bure kwa leseni za Creative Commons. Si kila kilichomo humo ni halali kuchukuliwa. Mwaka 2023 makampuni makubwa ya rekodi yaliishtaki maktaba hiyo kwa sababu ya santuri za zamani ilizozigeuza kuwa mafaili. Kwa hiyo soma leseni kwenye ukurasa wa kila kitu unachokitaka. Na kama wewe ni mtengeneza biti unayetafuta vipande vya kukatakata, soma mara mbili: leseni yenye herufi ND hairuhusu kazi ibadilishwe, na yenye NC hairuhusu biashara.

Mashine yangu ni laptopu ya zamani iliyochoka kubeba Windows, nikaiwekea Linux Mint, ambayo ni ya bure. Laptopu ni bora kuliko kompyuta ya mezani kwa kazi hii, hata kama betri yake inashika nusu saa tu, kwani umeme wetu ukikatika na kurudi haitajua kilichotokea. Ingia kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale hata ikifunikwa. Halafu fungua dirisha la amri, lile jeusi linalowatisha watu bure, uandike:

sudo apt install pipx
pipx install internetarchive

Programu utakayoipata inaitwa kwa herufi mbili tu, ia. Imetengenezwa na maktaba yenyewe, kwa hiyo huibi mlangoni. Unapita pale walipokufungulia.

Kila kitu katika maktaba ile kina jina lake la pekee, nalo ni lile neno linalokuja baada ya /details/ katika anwani ya ukurasa. Matamasha mengi hupewa kifupi cha bendi kikifuatiwa na tarehe. Kwa mfano yale ya Grateful Dead huanza na gd, kisha mwaka, mwezi na siku. Nakili jina la tamasha unalolipenda, halafu jaribu kwa mkono kwanza:

ia download JINA --format="VBR MP3" --dry-run

Lile neno la mwisho linaifanya programu ikuonyeshe anwani za mafaili bila kushusha hata moja. Ukiridhika, liondoe, urudie amri. Usiipe mashine kazi ambayo wewe mwenyewe hujaifanya kwa mkono ikakamilika.

Na usisahau kutaja aina ya faili. Bila hivyo ia inaleta kila kilichomo: FLAC, MP3, Ogg, picha, maelezo, kila kitu. Hesabu ya ukubwa si ngumu. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inakula MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya saa nzima ni MB 144. Ile ya VBR, ambayo kilobiti zake hupanda na kushuka kufuata wimbo, huwa ndogo zaidi. Tamasha la saa mbili na nusu linaweza kuingia ndani ya MB 250. FLAC ya tamasha hilohilo inaweza kukaribia GB moja. Masikio yangu, na spika zangu za Kariakoo, hayajawahi kulalamikia MP3.

Sasa tuje kwenye moyo wa jambo. Kushusha ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni mashine kukumbuka ilichokwisha kuleta, kwa sababu mashine isiyo na daftari ni kama mgeni asahauye kuwa ameshakula. Hili nililijua wiki ya pili. Nilikuwa nimeshusha matamasha sita, nikakaa Jumamosi nzima nikirekebisha majina ya nyimbo na ya wapigaji. Usiku ule mashine ikayashusha yote sita upya, ikafuta marekebisho yangu. Sababu ni hii: ia inapokuta faili lipo, hulinganisha ukubwa na tarehe yake na lile la maktaba. Ukibadilisha maandishi yaliyomo ndani ya MP3, ukubwa na tarehe vinabadilika, nayo inadhani faili limeharibika. Ukilihamishia folda nyingine, inadhani halijawahi kufika.

Dawa yake ni folda mbili na madaftari mawili. Tengeneza folda iitwayo muziki, ndani yake weka folda ya mapokezi na folda ya maktaba. Kinachoshuka kinaingia mapokezi, na huko hakuna anayegusa kitu. Ukitaka kurekebisha, nakili kwanza kwenda maktaba, urekebishe nakala. Kisha, humohumo ndani ya muziki, tengeneza mafaili mawili ya maandishi. La kwanza, orodha.txt, lina majina ya vitu unavyovitaka, kila kimoja na mstari wake. La pili, zilizoshuka.txt, liache tupu, lakini liwepo. Halafu andika faili la tatu, usiku.sh, lenye maneno haya:

#!/bin/bash
cd ~/muziki
grep -vxFf zilizoshuka.txt orodha.txt | head -n 2 > leo.txt
timeout 4h ~/.local/bin/ia download --itemlist=leo.txt --format="VBR MP3" --destdir=mapokezi && cat leo.txt >> zilizoshuka.txt

Mstari wa tatu unasoma orodha, unaondoa kila jina lililokwisha kuandikwa kwenye daftari la zilizoshuka, kisha unachukua mawili ya mwanzo tu. Hiyo 2 ndiyo posho ya usiku. Mwenye bando nono aandike 5; mimi mbili zinanitosha, maana hata kuzisikiliza sizimalizi. Mstari wa nne, ambao ni mmoja hata kama hapa umejikunja, unashusha kwa muda usiozidi saa nne, na kazi ikikamilika bila kasoro unayaandika majina hayo kwenye daftari. Zile alama mbili za && ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Maana yake ni kwamba intaneti ikikatika katikati au saa nne zikiisha, daftari haliguswi, na kesho mashine itarudia majina yaleyale. Mafaili yaliyokwisha kufika salama itayaruka, ikamalizie yaliyobaki. Ukiyafuta mapokezi mwaka ujao ili kupata nafasi, daftari bado litakumbuka.

Kuna upande wa pili wa hekima hiyo. Kitu kikiwa cha kusikilizwa mtandaoni tu bila kushushwa, kazi haikamiliki kamwe. Rekodi nyingi za Grateful Dead zilizochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya jukwaani ziko hivyo. Jina kama hilo linakaa kileleni mwa orodha na kuwazuia wenzake wote, na kila usiku mashine inagonga mlango uleule uliofungwa. Ukiona asubuhi tatu mfululizo hakuna kipya, fungua leo.txt uone ni nani aliyeziba njia, umfute kwenye orodha.

Kupanga saa ni kazi ya cron, ambayo tayari imo ndani ya Linux. Andika crontab -e, na mwisho wa faili litakalofunguka ongeza:

30 0 * * * bash ~/muziki/usiku.sh >> ~/muziki/kumbukumbu.txt 2>&1

Dakika hutangulia, saa hufuata, ndiyo maana 30 iko mbele ya 0. Hiyo ni saa sita na nusu usiku kwa Kiswahili chetu, na saa nne za posho zikiisha itakuwa saa kumi na nusu alfajiri. Linganisha na muda wa bando lako. Mimi naiacha nusu saa ya mwanzo ipite kwa sababu saa sita kamili kila mtu mtaani anashusha filamu. Kila neno ambalo programu ingelisema kwenye kioo litaandikwa kumbukumbu.txt, na hapo ndipo pa kutazama mambo yakienda mrama.

Yataenda mrama mara moja hivi, na mara nyingi kwa namna hii: amri inafanya kazi vizuri ukiiandika mwenyewe, lakini cron inasema haiijui. Cron haina habari na njia zote ambazo dirisha lako la amri linazijua. Ndiyo sababu nimeandika ~/.local/bin/ia kwa urefu badala ya ia peke yake. Jambo jingine ni kwamba cron haina kulipiza: laptopu ikiwa imezimwa saa sita na nusu, usiku huo umepita, inangoja kesho.

Baada ya hapo ni kazi ya mikono, na mimi naipenda kuliko nyingine zote. Kwa kurekebisha majina ninatumia MusicBrainz Picard, programu ya bure inayosikiliza wimbo na kuutafuta katika hifadhidata yake. Kwa albamu za Ulaya na Marekani huwa inapatia. Kwa muziki wa kwetu, jiandae kuandika mwenyewe. Hapo amua tahajia moja na usiiache. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, atakuwa watu watatu kwenye simu yako ukimwandika mara Saad, mara Saadi, mara Bint Saad. Na kwa bendi zilizobadilisha waimbaji kila wimbo, jaza jina la bendi kwenye nafasi ya msanii wa albamu. Usipofanya hivyo, albamu moja itasambaratika kuwa vipande nane. Hakikisha pia umezima kile kipengele cha Picard cha kuhamisha mafaili, au ukiwashe kielekee maktaba tu.

Mjomba wangu hataki habari ya simu. Yeye anataka flashi ya garini, na redio ya gari lake ina tabia zake. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32. Majina ya mafaili yasiwe na alama ya kuuliza wala nukta pacha, kwa sababu mfumo huo hauzikubali na nakala itakwama njiani. Tena redio ile haipangi nyimbo kwa majina. Inazipiga kwa mpangilio ulioziingiza. Niliwahi kumpa tamasha zima likianza na makofi ya kuagana, akanipigia simu kutoka Chalinze kuuliza kama wanamuziki hao wamelewa. Sasa kila faili naliwekea namba mbele, 01, 02, 03, na ninayanakili moja baada ya jingine kwa kufuata namba hizo.