Chakula cha Mkebe

Rughenda iko katika mji wa Butembo, mahali penye uwanja wa ndege. Wakulima wa vilima vya jirani huleta mjini maharagwe, viazi, kabichi na vitunguu. Samaki hutoka Ziwa Edward. Madukani mna pia mikebe ya sardini, ya nyama, ya nyanya na ya maziwa. Je, chakula cha mkebe ni kizuri au ni kibaya?

Siku moja mama mmoja wa Rughenda alipata habari kwamba shemeji yake atafika kutoka Beni. Akakusanya mayai kumi, akamwita kijana wake.

— Mwanangu, nenda sokoni ukauze mayai haya, ununue mkebe wa nyama. Mgeni wa namna hii hapewi maharagwe.

Kijana aliuza mayai yote. Kisha akaona mkebe mmoja wa bei ndogo kuliko mingine. Akaununua, akarudi nyumbani mbio, akifurahi kwa sababu fedha zilibaki.

Jirani yao alikuwa mwuguzi. Aliutazama ule mkebe, akaona kwamba umevimba juu na chini. Akaubonyeza kwa kidole: kifuniko kikalia ta! kikainuka tena.

— Mama, mkebe huu usiufungue.

— Hata nikichemsha nyama vizuri?

— Hata ukichemsha. Wala usionje. Ndani mna vijidudu vinavyotoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iliyouvimbisha. Vijidudu vingine hutoa sumu kali. Mtu aliyeila huona vitu viwili-viwili, hushindwa kusema na kumeza, mwisho hushindwa kupumua. Ugonjwa huo si wa kila siku, lakini huua.

Mwuguzi akautupa mkebe katika shimo la choo.

— Mayai yangu kumi yamepotea! akasema mama.

— Mayai yamepotea, lakini watu wa nyumba wamebaki.

Jioni mgeni alifika. Alipewa bugali, maharagwe na sombe. Alikula akashiba, akaomba aongezewe maharagwe.

Mkebe mzima hauna vijidudu hivyo. Kwa nini?  Mpishi mmoja, Nicolas Appert, alitia chakula katika chupa, akaziziba sana, akazichemsha kwa muda mrefu. Chakula hakikuoza. Serikali ya Ufaransa ikampa faranga 12,000 mwaka wa 1810. Mwaka uleule Uingereza ilimpa Peter Durand hati ya kutumia mikebe ya bati. Baadaye Louis Pasteur alieleza sababu: moto huua vijidudu, na kizibo huzuia vingine visiingie. Viwanda vya leo hutumia moto unaopita ule wa maji yanayochemka, kwa maana vijidudu vingine ni vigumu kufa.

Kwa hiyo mkebe una faida. Chakula chake hukaa miaka bila kuoza. Humsaidia msafiri, na watu waliokimbia mashamba yao kwa ajili ya vita. Sardini hujenga mwili, na mifupa yake laini huimarisha mifupa yetu.

Lakini una hasara pia. Nyama ya mkebe mara nyingi ina chumvi nyingi, nayo chumvi nyingi hupandisha damu. Maziwa mazito ya mkebe yana sukari nyingi mno; hayafai kuwa maziwa ya mtoto mchanga. Moto hupunguza vitamini nyingine, ambazo mboga na matunda mabichi huzileta. Tena bei yake ni kubwa. Anayeuza mayai na maharagwe yake yote ili anunue mikebe, anauza chakula chema cha watoto wake.

Basi, kabla ya kununua mkebe, shika mambo haya:

1. Utazame pande zote. Ukiwa umevimba, unavuja, umeliwa na kutu au umebonyea sana kwenye maungio, uuache.
2. Soma tarehe iliyoandikwa. Ikiwa imepita, uuache.
3. Ukifungua, maji yakaruka kwa nguvu au harufu ikawa mbaya, usionje. Utupe.
4. Chakula kinachobaki, kitie katika chombo safi chenye kifuniko, mahali pa baridi, kiliwe upesi.

Mkebe ni msaidizi wa jiko. Shamba ndilo mama yake.

Maswali

1. Kwa nini bei ya mkebe ule ilimdanganya kijana?
2. Ni kitu gani kiliuvimbisha mkebe?
3. Appert alifanya nini ili chakula kisioze?
4. Taja faida mbili na hasara mbili za chakula cha mkebe.
5. Nyumbani kwenu, mgeni hupewa chakula gani? Andika mistari mitano.