Mgeni Sebuleni, Familia Uani: Kukarabati Nyumba ya Mjini Isiolo

Nyumba nyingi za zamani mjini Isiolo ni za ploti nyembamba, kuta za mawe, paa la mabati, na mlango wa mbele unaoingia sebuleni moja kwa moja. Wageni nao hawakatiki: jamaa kutoka Merti, Garbatulla au Moyale hufikia kwa ndugu. Mtaalamu wetu wa ujenzi anajibu maswali ya wasomaji wanaotaka kukarimu watu bila kuanika maisha ya ndani.

Sebule yangu ni finyu. Nibomoe ukuta wa chumba cha pili?

Usikimbilie nyundo. Tazama kwanza ukuta huo umebeba nini. Ikiwa mbao za paa zimeukalia, hauondolewi bila kuwekwa boriti ya zege yenye nondo. Mara nyingi, hata hivyo, shida si udogo wa sebule. Shida ni kwamba kila njia hupitia hapo: ya chooni, ya jikoni, ya kulala. Hamisha mlango wa chumba cha kulala ufungukie korido au uani, na sebule ile ile itatosha.

Mlango ukifunguliwa, mpita njia anaona hadi kitandani. Nifanyeje?

Watu wa Lamu walilimaliza hili zamani. Nyumba za mawe za Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, zina daka: kiingilio chenye baraza za mawe, ambapo mgeni huketi bila kuingia ndani. Anayekaribishwa hupinda kona kabla ya kufika kiwandani, yaani ua wa ndani. Kwako, ukuta wa kukinga wenye upana wa mita 1.5, uliosimama mita 1.2 kutoka mlangoni, unatosha. Sebule ikiwa ndogo, usimamishe verandani na uweke benchi hapo.

Tunanong'ona chumbani, mgeni anasikia kila neno. Kwa nini?

Panda ngazi uchungulie juu ya dari. Huenda ukakuta kuta za vyumba zimeishia usawa wa dari, na kutoka hapo hadi kwenye mabati ni uwazi mtupu. Sauti hupanda, huvuka, hushuka upande wa pili. Endeleza ukuta kwa mawe au matofali hadi uguse mabati, kisha ziba nyufa kwa simenti. Acha matundu ya hewa kwenye kuta za nje tu, ili joto la mabati lipate pa kutokea.

Kwetu wanaume na wanawake huketi mbalimbali. Sebule ya pili nitaitoa wapi?

Uani. Jenga kibanda cha wazi upande wa mashariki wa nyumba. Baada ya adhuhuri jua huhamia magharibi na nyumba yenyewe hukupa kivuli. Tandika mikeka, panda mwarobaini. Upande wa wanaume, weka choo na bomba la kutawadhia karibu na sebule, mgeni asilazimike kupita jikoni kila adhana inapolia.

Madirisha makubwa hayatanipunguzia joto?

Yatakupunguzia yakielekea uani. Upande wa barabara, dirisha kubwa utalifunika kwa pazia zito siku nzima, na hewa haitapita. Huko weka dirisha dogo, kizingiti cha chini kikiwa juu ya kimo cha mtu, au matofali ya matundu. Hewa itaingia kwa upande mmoja na kutokea mwingine.

Pesa ni kidogo. Nianzie wapi, na je, nahitaji kibali?

Ukibadilisha kuta au kuongeza jengo, pata kwanza idhini ya serikali ya kaunti, kama inavyotaka Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mkandarasi naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kisha fuata mpangilio huu: ukuta wa kukinga mlangoni, kuta za vyumba hadi kwenye mabati, mlango wa uani, choo cha wageni, kibanda. Vigae na rangi viwe vya mwisho, kwa sababu fundi wa bomba akija baadaye atavipasua.