SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: MAENEO YENYE HATARI YA GESI INAYOSHIKA MOTO

Mitungi ya gesi ya kupikia imekuwa bidhaa ya kawaida Unguja na Pemba. Kwa sababu hiyo, inafaa watumishi wanaokagua majengo, pamoja na wananchi wenye maduka ya gesi na vituo vya petroli, wafahamu namna maeneo yenye hatari yanavyogawanywa.

Gesi haiwaki mpaka ichanganyike na hewa kwa kiasi maalumu. Propani, mojawapo ya gesi zilizomo katika mtungi wa kupikia, huweza kuwaka inapokuwa kiasi cha asilimia 2 hadi 10 ya mchanganyiko. Hapo, cheche ndogo ya swichi yatosha kuuwasha.

Kiwango cha kimataifa IEC 60079-10-1 kinagawa maeneo hayo katika kanda tatu. Kinachotazamwa ni mara ngapi mchanganyiko huo hutokea na hudumu kwa muda gani. Ukubwa wa madhara ya mlipuko hautumiki kuamua kanda.

KANDA 0: Mchanganyiko upo daima, au kwa muda mrefu, au mara kwa mara. Mfano ni nafasi iliyo juu ya mafuta ndani ya tangi la petroli.

KANDA 1: Mchanganyiko hutarajiwa kutokea mara moja moja katika kazi za kawaida. Mfano ni karibu na mdomo wa bomba la kutolea mvuke wa tangi.

KANDA 2: Mchanganyiko hautarajiwi katika kazi za kawaida, na ukitokea hudumu kwa muda mfupi tu. Mfano ni uwanja wa wazi wenye mitungi iliyofungwa vyema, ambapo gesi itavuja endapo valvu itaharibika.

Anayepanga kanda hizo hana budi kujiuliza mambo matatu.

Kwanza, gesi hutokea wapi, na mara ngapi?

Pili, ni nzito au nyepesi kuliko hewa? Gesi ya mtungi na mvuke wa petroli ni vizito. Hutambaa chini na kutuama katika mashimo na mitaro. Kwa hiyo shimo lisilopitisha hewa, likiwa ndani ya Kanda 2, huhesabiwa kuwa Kanda 1.

Tatu, hewa hupita vipi? Jambo hili ndilo husahauliwa zaidi. Ghala la mitungi lililozungushiwa wavu hupitisha upepo, na gesi ikivuja hutawanyika. Mwenye ghala akijenga ukuta mahali pa wavu kwa kuogopa wezi, kiasi kile kile cha gesi kitakusanyika na kukaa. Mitungi haikubadilika, lakini eneo lililokuwa Kanda 2 laweza kuwa Kanda 1, na taa na swichi zilizoruhusiwa jana hazifai tena leo. Tena, upepo wa kaskazi au kusi usitegemewe peke yake, kwani wakati wa maleleji hupungua.

Vifaa vya umeme vya maeneo haya huwa na alama ya Ex, ikifuatiwa na daraja: Ga hufaa kanda zote, Gb hufaa Kanda 1 na 2, na Gc hufaa Kanda 2 pekee. Mara nyingi njia iliyo rahisi zaidi ni kuiweka swichi nje kabisa ya mpaka wa eneo.

Inashauriwa kila ombi la ghala au kituo liambatane na ramani yenye mipaka ya kanda iliyochorwa na mtaalamu, na ramani hiyo ipitiwe upya kila jengo linapobadilishwa, hata kwa ukuta mmoja.

Wananchi wanakumbushwa: mkisikia harufu ya gesi ndani, msiwashe wala msizime taa. Fungueni milango na madirisha, tokeni nje, kisha waarifuni Zimamoto.