Safari ya Mamboya

Mbali sana, katika bara la Asia, iko milima mirefu iitwayo Himalaya. Katika milima hiyo kuna nchi ya Nepali, na katika Nepali kuna bonde la Kathmandu. Udongo wa bonde hilo una rutuba. Watu hulima mpunga. Lakini wageni wengi hawaendi kutazama mpunga. Huenda kuona mahekalu ya kale ya dini ya Kibudha.

Ndugu msomaji, wewe wa Berega huhitaji nauli ya ndege. Mamboya si mbali, iko katika milima hii hii ya Ukaguru. Siku moja baada ya mavuno, nenda ukaitazame kama mgeni.

Njiani utaona mashamba ya mahindi na maharage, na migomba penye maji. Hayo umeyazoea. Sasa itazame njia yenyewe. Zamani misafara ya kutoka pwani ilipita Mamboya ikielekea Mpwapwa. Wamisionari wa Kiingereza wa chama cha CMS nao wakaja, wakajenga kituo. Mmoja wao aliitwa J. T. Last. Aliwauliza Wakaguru maneno yao, akayaandika. Mwaka 1886 kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru kilichapishwa London. Maelezo yake ni ya Kiingereza.

Kabla ya kanisa, nchi hii ilikuwa na ibada yake. Kila ukoo ulikuwa na ardhi yake, na ukoo wa Mkaguru hufuata upande wa mama. Kila mwaka, kabla ya mvua, ukoo wenye nchi ulifanya tambiko la kuitakasa ardhi. Tena kila ukoo ulikuwa na hadithi ya safari ya wazee wake: walitoka wapi, walipumzika wapi, jina la ukoo walilipataje. Hadithi hiyo haikuwa ya kulaza watoto. Ilikuwa ndiyo hati ya shamba. Asiyeijua angedai ardhi kwa maneno gani?

Miaka ya 1957 na 1958 Mmarekani aitwaye T. O. Beidelman alikaa Ukaguru. Naye aliuliza, naye akaandika. Vitabu vyake ni vizuri, lakini navyo ni vya Kiingereza. Wengi wa wazee waliomjibu wamekwisha kufariki.

Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Chukua daftari na kalamu. Ukifika kwa mzee, mwamkie, kaa, zungumzeni kwanza habari za mvua na za watoto. Usitoe daftari upesi, maana mtu akiona kalamu hudhani umetumwa na serikali kuhesabu mbuzi. Mwambie wewe ni nani, na mama yako ni wa ukoo gani. Kisha omba ruhusa ya kuandika.

Andika kama anavyosema. Akisema Kikaguru, andika Kikaguru. Last alikisikia kwa masikio ya kigeni. Wewe umekinyonya kwa mama. Ukimaliza, msomee polepole. Atakusahihisha.

Maswali

1. Hadithi ya ukoo ilikuwa na kazi gani?
2. Mama yako ni wa ukoo gani? Wazee wake walitoka wapi?
3. Ni nani kijijini kwako anayeijua hadithi hiyo yote? Ana umri gani?