JIWE AU CHUI? UDUGU WA WATURKANA

Likizo iliyopita tulienda arusi Kakuma. Mzee mmoja akanishika mkono, akaniuliza, "Kijana, wewe ni Jiwe au Chui?" Nikanyamaza kama maji mtungini. Watu wakacheka sana, ati mwanafunzi wa kidato cha tatu hajijui! Niliporudi Lodwar nilimwendea babu, naye akanifunza haya ninayowaandikia.

Darasani tumesikia habari za vyama vya udugu vya ng'ambo, kama vile Lions kilichoanzishwa na Melvin Jones huko Chicago mwaka wa 1917. Huko mtu hujiunga akiwa mtu mzima. Kwetu mtu huzaliwa ndani ya chama. Kila mwanamume wa Kiturkana ni Ngimor, yaani Mawe, au Ngirisae, yaani Chui. Lakini hafuati upande wa baba yake! Mwana wa Chui ni Jiwe, na mwana wa Jiwe ni Chui. Kwa hivyo babu na mjukuu ni wa upande mmoja, naye baba yuko upande wa pili. Ndiyo maana babu huniita "mwenzangu" na kunitania, jambo ambalo baba hathubutu.

Hata hivyo, kuzaliwa tu hakutoshi. Kuna asapan. Kijana humchoma mnyama kwa mkuki, kisha wazee humpaka yale majani yaliyosagika tumboni mwa mnyama huyo, na hapo ndipo anahesabiwa mtu mzima. Baadaye ana nafasi yake katika akiriket, karamu ya nyama ambapo wanaume huketi nusu duara kwa kufuata ukubwa, Mawe kwao na Chui kwao. Wanaomba mvua, wanaamua mambo, wanakula. Wakaramojong wa Uganda nao wana asapan na akiriket, maana asili yetu ni moja.

Sasa tuje kwenye msaada. Wageni hulalamika kwamba Waturkana wanapenda kuomba. Babu alikasirika nilipomwambia hivyo. Alisema anayeomba kwa mwenzake haombi sadaka, anadai haki yake, na kesho yeye ndiye atakayedaiwa. Zaidi ya wenzake wa akiriket, mwanamume huwa na marafiki wa mifugo walio mbali, huyu Kakuma, yule Lokichar. Ukame ukimaliza mbuzi wake, rafiki humpa jike aanze tena. Hapigwi picha akipokea, wala haandikwi jina. Lakini deni halisahauliki. Hata mtoto wake anaweza kulidaiwa.

Mwaka wa 1961 njaa ilikuwa kali mno, hata rafiki hakuwa na cha kumpa rafiki. Watu walikusanyika katika kambi za chakula. Wakati huo ndipo walipofika Mapadre wa Mtakatifu Patrick, shirika lililoanzishwa Ireland mwaka wa 1932. Shule na zahanati nyingi za kwetu zilitokana na kazi yao na ya masista, na mwaka wa 1978 Lodwar ikawa jimbo. Msaada huo uliokoa watu, hilo halina ubishi. Ila ulikuwa wa foleni. Anayepokea hana njia ya kurudisha, na nadhani hapo ndipo babu anapouma meno.

Tangu mwaka wa 1992 Kakuma ina kambi ya wakimbizi, watu wasio Mawe wala Chui. Je, udugu wetu una nafasi yao? Nimewaona mama zetu wakipeleka kuni kambini na kurudi na mahindi ya mgao. Wengine wana mteja mmoja wa miaka mingi, ambaye huwakopesha unga wakati kuni hazipo. Nilimuuliza babu kama huyo naye ni rafiki wa mifugo. Akacheka, akasema, "Mifugo iko wapi?" Kisha akafikiri kidogo, akaniuliza huyo mteja anaitwa nani.

Mimi ni Jiwe, kwa sababu baba ni Chui. Asapan bado sijafanya. Baba anasema nimalize shule kwanza. Babu anasema mbuzi wa kuchomwa mkuki amebaki mmoja, na shule haiishi.