GMO Haionekani kwa Macho: Somo Nililolipata Sokoni

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na matokeo yake nitakusimulia hivi punde.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mama alinipa kikapu na gunia, akaniambia niende sokoni. Kabla sijatoka, alinionya hivi:

"Mwanangu, zile nyanya kubwa kubwa zinazong'aa usiniletee. Ni GMO hizo. Na unga wa pakiti sitaki, hatujui wanatia nini ndani. Nunua mahindi gorogoro sita, tutasaga wenyewe."

"Sawa, mama," nikajibu, nikashika njia.

Sokoni nilifuata maagizo kama askari. Mama mboga alinionyesha nyanya nzuri, nikazikataa.

"Kwani zina nini, kijana?"

"Ni GMO hizo," nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Akacheka tu, akanipimia zile ndogo. Mahindi niliyanunua kwenye lundo lililokuwa juu ya turubai, pahali penye matope, maana mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikajitwika mzigo wangu hadi kwenye kinu.

Mzee wa kinu alitia mkono ndani ya gunia, akachota punje chache, akazinusa. Uso ukamkunjamana. "Kijana, haya mimi siyasagi. Yameshika unyevu. Ona kuvu hii ya kijani. Na usiwape hata ng'ombe, sumu yake hupitia kwenye maziwa."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Mama aliposikia, alinyamaza kwa muda mrefu. Pesa zilikuwa zimekwenda, na chakula hakuna. Ama kweli tulikuwa tumeruka majivu tukakanyaga moto. Tuliikimbia hatari ambayo hatukuwa na hakika kama ipo, tukaibeba kichwani ile inayoonekana kwa macho na kunuka puani.

Shule zilipofunguliwa, nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia, nikasoma pia maktabani. Haya ndiyo niliyoyapata.

GMO NI NINI HASA?

Kila kiumbe kina jeni, yaani chembe za urithi zinazomfanya mtoto afanane na wazazi wake. Tangu jadi wakulima wamekuwa wakichagua mbegu nzuri na kuzizalisha. Watafiti nao huchukua chavua ya mmea mmoja na kuipeleka kwa mwingine wa jamii hiyo hiyo. Hivyo ndivyo yanavyopatikana mahindi ya haibridi, ambayo watafiti wa Kitale wamekuwa wakiwapa wakulima tangu miaka ya 1960. Haibridi si GMO.

Katika GMO, mwanasayansi huingia maabarani, akachukua jeni ya kiumbe mmoja, mara nyingi wa jamii tofauti kabisa, akaipachika katika mmea. Tuchukue mfano. Kuna bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Bakteria huyu hutengeneza protini inayowaua viwavi wa aina fulani. Jeni ya protini hiyo ikitiwa katika mahindi, kiwavi anayetoboa bua hufa akilila.

Nyanya ya kwanza iliyobadilishwa jeni iliuzwa Marekani mwaka wa 1994. Ilitengenezwa ili isiharibike upesi, lakini haikudumu sokoni. Baada ya miaka michache iliondolewa. Mwaka wa 1996 wakulima wa huko wakaanza kupanda soya na mahindi ya GMO kwa biashara. Hapa kwetu Kenya, pamba ya Bt iliidhinishwa mwishoni mwa 2019, na wakulima wakaanza kuipanda 2020.

WATU WANAOGOPA NINI?

Kwanza, afya. Mnamo Septemba 2012, watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Gilles-Éric Séralini walichapisha picha za panya wenye uvimbe mkubwa, waliokuwa wamelishwa mahindi ya GMO. Dunia ilishtuka. Novemba mwaka huo huo, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO. Hata hivyo, jarida lililochapisha utafiti huo liliuondoa Novemba 2013, kwa kuwa panya waliotumiwa walikuwa wachache mno, tena wa aina ambayo hupata uvimbe kwa urahisi. Mwaka wa 2016, Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti nyingi na hazikupata ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyokuwa sokoni vinadhuru afya kuliko vile vya kawaida.

Je, hii ina maana kwamba mwenye hofu ni mjinga? Hasha! Katika miaka ya 1990 watafiti walitia jeni ya njugu za Brazili katika soya. Ilipopimwa, ikaonekana kwamba ingewadhuru watu ambao miili yao haipatani na njugu hizo. Soya hiyo haikufika sokoni. Kwa hivyo kila chakula cha aina hii sharti kipimwe peke yake. Kimoja kuwa salama si ushahidi kwamba vyote ni salama.

Pili, mbegu. Nyingi za mbegu hizi zina hataza, yaani haki ya kisheria ya aliyezivumbua. Mkulima aliyezoea kuhifadhi mbegu za mavuno yake huenda akalazimika kununua kila msimu.

Tatu, mazingira. Chavua hupeperushwa na upepo hadi shamba la jirani ambaye hakutaka GMO. Isitoshe, wadudu nao wanaweza kuzoea ile sumu ya Bt, na ikawa kazi bure.

Nne, haki ya mlaji kujua anachokula. Hili kwangu ndilo kubwa. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku ile ya 2012, na papo hapo watu wakakimbilia kortini. Novemba 2023 mahakama moja ilitupilia mbali kesi ya kupinga uamuzi huo. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikaagiza utekelezaji usimamishwe hadi rufani isikilizwe. Wakati mawakili wakivutana, mama zetu wako sokoni kila siku, wanataka kujua watie nini kikapuni.

ISHARA ZA UONGO

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Hebu tuzitazame ishara tunazoziamini bure.

(a) Ukubwa na kung'aa. Nyanya huwa kubwa kwa sababu ya aina ya mbegu, mbolea na maji. Zile nilizozikataa huenda zilikuwa haibridi tu. Jeni haionekani kwa macho, wala haina ladha ulimini.

(b) Herufi F1 kwenye pakiti ya mbegu. Maana yake ni kizazi cha kwanza cha haibridi. Haimaanishi GMO.

(c) Kuku wa broila. Watu husema eti ni "kuku wa GMO" kwa kuwa hukomaa kwa wiki chache. Kuku huyu alipatikana kwa kuchagua wazazi wanaokua upesi, kizazi baada ya kizazi.

(d) Tikiti maji lisilo na mbegu. Nalo hupatikana kwa kuzalisha mimea, si kwa kupachika jeni ya kigeni.

(e) Kibandiko cha tufaha chenye nambari tano zinazoanza na 8. Watu huambizana kwamba hiyo ni alama ya GMO. Nambari hizo hazikutumiwa madukani kwa kazi hiyo. Ile inayoanza na 9 ndiyo yenye maana: inaonyesha tunda lililokuzwa kwa kilimo hai.

NJIA ZA KWELI

Mnunuzi asiyetaka GMO afanye nini basi?

Kwanza, ajue ni mimea gani inayohusika zaidi. Duniani, sehemu kubwa ya mashamba ya GMO ni ya soya, mahindi, pamba na kanola. Basi macho yawe kwenye bidhaa zilizotoka nchi zinazolima mimea hiyo: mafuta ya kupikia, vyakula vya soya, na vyakula vya pakiti vyenye wanga wa mahindi. Wimbi, mtama, ndengu na sukuma wiki hazimo katika orodha hiyo.

Pili, asome maandishi ya pakiti, hata yale madogo ya nyuma. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiandikwe hivyo. Umoja wa Ulaya umeweka asilimia 0.9. Nchini Marekani, tangu Januari 2022, neno linalotumiwa ni "bioengineered", kwa hivyo usitafute herufi GMO peke yake.

Tatu, kama ana uwezo, anunue vyakula vyenye cheti cha kilimo hai, kwani masharti ya kilimo hicho hukataza mbegu za GMO. Bei yake huwa juu, na si kila nyumba itaimudu.

Nne, anunue kwa mkulima anayemjua na amwulize alipanda mbegu gani. Swali halina kodi.

Lakini kumbuka, msomaji wangu: lundo la mahindi sokoni halina maandishi. Hapo mnunuzi hana budi kutegemea wanaolinda mipaka na kupima shehena, ndiyo maana sheria ya 2009 iliunda mamlaka ya kitaifa ya kusimamia usalama wa viumbe hivi. Tuwadai wafanye kazi hiyo, badala ya kuzilaumu nyanya.

TUSISAHAU ADUI ALIYE KARIBU

Mwaka wa 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na majirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Hayakuwa mahindi ya GMO. Yalikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Niliposoma habari hizo nilikumbuka gunia langu na yule mzee wa kinu, nikatetemeka. Angelikuwa na tamaa ya shilingi zangu, angelisaga, nasi tungelikula ugali usiku ule.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza kama mahindi ni ya GMO, uliza kama yamekauka. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, uma punje: iliyokauka ni ngumu na huvunjika kwa mlio. Inusa. Tazama rangi. Tia mkono hadi katikati ya gunia, usitazame juu tu.

HITIMISHO

Nilipomsomea mama makala haya, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, nimekuelewa. Lakini hiyo GMO bado siitaki." Sikumbishia. Hiyo ni haki yake. Tofauti ni kwamba siku hizi akifika dukani hugeuza pakiti na kuniita nimsomee nyuma, na akifika penye lundo la mahindi huzamisha mkono hadi kiwikoni. Nyanya kubwa tunakula.

Kalamu yangu naiweka chini. Jihadhari, ewe mnunuzi mwenzangu, lakini ujue unajihadhari na nini.

MSAMIATI

Chavua: unga wa ua unaoleta uzazi wa mmea.
Hataza: haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichokivumbua.
Kilimo hai: kilimo kisichotumia kemikali za viwandani wala mbegu za GMO.
Sumukuvu: sumu inayotolewa na kuvu katika nafaka, njugu na kadhalika.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya haibridi na GMO.
2. Taja ishara tatu za uongo ambazo umezisikia nyumbani kwenu. Je, zimo katika makala haya?
3. Chukua pakiti tatu za vyakula jikoni. Andika kila neno usilolielewa, ulilete katika mkutano wa chama.
4. Jadilini: "Ni afadhali njaa kuliko GMO."