Mwalimu, Piga Hesabu Kabla ya Kuuza Pointi

Mwalimu M.B. wa Keshero, Goma,

Barua yako nimeisoma, mwanangu. Unafundisha hesabu sekondari, una mke na watoto wanne, na mshahara unaofika ni pungufu kuliko ule ulioandikwa kwenye karatasi. Sasa unauliza: uache ubao, au uwauzie wanafunzi pointi za mitihani kama wenzako? Pole sana. Uchungu wako una haki. Ila mwenye uchungu huamua haraka, na wanaolipa ni watoto wake.

Pesa inapungua wapi?

Tuchukue mfano wa franka 400,000 kwa mwezi zinazotozwa kodi. Kwa viwango vya IPR (kodi ya mshahara) vya mwaka 2024, franka 162,000 za kwanza zilikatwa asilimia 3, yaani 4,860. Zile 238,000 zilizobaki zilikatwa asilimia 15, yaani 35,700. Jumla ni 40,560.

Sheria hiyo hiyo ilipunguza kodi kwa asilimia 2 kwa kila mtu unayemlea, wasizidi tisa. Wewe una watano, kwa hiyo kodi ingeshuka hadi 36,504. Kama familia yako haikuwa kwenye faili, kwa viwango hivyo ulipoteza franka 4,056 kila mwezi, na kwa mwaka 48,672.

Huenda kuna pia makato ya pensheni na ya mutuelle (bima) ya afya. Halafu tangu banki za Goma zifungwe Januari 2025, unasema pesa inapita kwenye simu na agenti anakata chake. Hicho si kodi. Kiandike kando, kwani dai lililochanganywa halimpati wa kulijibu.

Njia ulizo nazo

Kuacha kazi? Wako walimu wa N.U. (nouvelles unités, walimu wapya) wanaofundisha miaka bila mshahara wa serikali, wakisubiri waingizwe kwenye listi ambayo wewe tayari umo. Ukitoka leo, kurudi kesho si rahisi.

Kukopa kwa Banque Lambert, yaani kwa wakopeshaji wa riba kubwa? Deni hilo huzaa kabla mshahara haujafika. Mwisho wa mwezi utalipa riba, na kodi itakatwa vilevile.

Pointi haziuzwi

Hapa nakuambia wazi: usifanye. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Sekondari, mzazi bado analipa, na prime yako (nyongeza ya mshahara) inatoka humo. Mama anayeuza makaa barabarani ameshakulipa mara moja. Ukimuuzia mtoto wake pointi, unamlipisha mara ya pili kwa kitu ambacho Exetat (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari) itakifichua hadharani. Nawe utakuwa umeweka jina lako mikononi mwa wanafunzi: siku yoyote mmoja akisema, hakuna sindika (chama cha walimu) itakayokutetea.

Anza hivi

Andika kwenye daftari, kwa miezi mitatu, ulichoahidiwa, kilichokatwa na kilichofika. Peleka kwa prefe (mkuu wa shule) nakala za cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, pamoja na barua ya kuomba DINACOPE, ofisi inayosimamia mishahara ya walimu, isahihishe faili yako. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kusanya wenzako wenye pengo kama lako, mpeleke madai yenu pamoja kupitia sindika. Kwa shida ya ghafla, ingieni likelemba (mchango wa kupokezana) ya walimu mnaoaminiana.

Kodi ni haki ya serikali kuikata, na ni haki yako kujua imekatwaje. Dai haki hiyo ukiwa na mikono safi, Mwalimu, maana kesho asubuhi utasimama tena mbele ya watoto wanaokuamini.